Chatu Anayetazama Mbingu

Jumatatu, 1 Julai 1968
Kabwela, chatu wangu, kajaa kupe shingoni. Wanyonyaji! Azimio la Arusha limewakataa tangu mwaka jana, wao bado wananyonya tu. Na Jumapili ni Saba Saba, ngoma yetu ya nyoka inachezwa mbele ya wakubwa wa TANU. Nimempaka Kabwela dawa ya unga ya kuulia wadudu wa pamba, ya mjomba wa Bukene. Mwili mzima, kama mtoto aliyetoka kuoga. Nani kasema darasa la sita halitoshi?

Jumatano, 3 Julai
Kupe wamekufa wote. Kabwela anatetemeka, anainua kichwa na kutazama mbinguni, shingo imejisokota kama kamba. Mchezo mpya! Masolwa, mcheza mwenzangu, kachungulia tengani. Eti nyoka mzima hatazami juu hivyo, eti mgonjwa. Wivu huo. Chatu wake yeye ni mshipi uliodondoka. Nikamwambia akamtibu bibi yake. Kanuna. Vizuri.

Ijumaa, 5 Julai
Hasira zinanipasua! Masolwa kanisema kwa manju wetu, kiongozi wa ngoma, Mzee Lukumani. Mzee kaja, shikamoo yangu hakuiitikia. Kamlaza Kabwela chali. Kabwela akabaki hivyo hivyo, tumbo juu, anatikisika. Nikacheka. Peke yangu. Mzee akauliza nimempaka nini. Nikasema sabuni. Akanusa vidole vyake.

"Abbasi, nyoka asiyeweza kujigeuza, kichwa chake kimeharibika. Umempa sumu."

Kamwosha taratibu kwa maji ya uvuguvugu, kamfungia kwake katika chumba cha giza. Hakuna kupiga ngoma karibu, hakuna kumgusa. Nyoka wangu mwenyewe! Nimekaa mlangoni nimsikie akitambaa. Kimya. Macho yakaniwasha. Vumbi la Tabora hili.

Jumapili, 7 Julai
Saba Saba. Masolwa kacheza na mshipi wake, akina mama wakapiga vigelegele. Mimi kupewa ngoma nipige! Nimeipiga mpaka ngozi ikapasuka. Ngozi mbovu.

Alhamisi, 11 Julai
Kabwela kajigeuza mwenyewe leo. Nikaruka kwa furaha. Mzee akanyoosha tenga la Kabwela, akampa nani? Masolwa! Eti mimi nina macho lakini sioni nyoka.

Wakome. Nimenunua chatu mwingine kutoka Usoke, mkubwa kuliko wao wote. Kichwa chake kinayumba kidogo, na tangu asubuhi anapiga miayo. Uvivu tu. Kesho nampulizia ugoro puani, achangamke.