Waraka wa Wekundu

Inatangazwa kwa watu wote wa Geita, wa migodini na wa mashambani, kwamba kuanzia tarehe mosi Juni, 1937, chuma kitahesabiwa kuwa kimepata moto pale kitakapokuwa chekundu, si kabla ya hapo wala baada ya hapo. Atakayeendelea kukipasha chuma chekundu atakuwa anatumia moto wa anasa, na atachukuliwa hatua.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Nassibu bin Salehe, karani wa daraja la pili katika Ofisi ya Ukaguzi wa Kuni na Moto, Shinyanga. Maneno "moto wa anasa" ni ya Bwana Mkaguzi mwenyewe. Mimi nilitia mikato.

Ofisi yetu ilikuwa na Mzungu mmoja, karani mmoja, baiskeli moja, na mamlaka juu ya kila moto uwakao kati ya Tinde na ziwa. Ulioachwa nje ni moto wa radi tu, ambao ulikuwa bado unajadiliwa kwa barua.

Mwaka huo mgodi mmoja wa dhahabu kule Geita ulikuwa umeleta mtambo wa kubana chuma: magurudumu mawili mazito, moja juu ya jingine, yanayozungushwa kwa mvuke. Gogo la chuma likitoka tanuruni lina moto, huning'inizwa kwa mnyororo na kupitishwa katikati ya magurudumu hayo mara tisa au kumi. Kila mara linakuwa jembamba zaidi na refu zaidi, mpaka liwe mhimili wa vinu vya kutwangia mawe ya dhahabu. Watu wawili huliongoza kwa makoleo, mmoja upande linakoingia, mwingine upande linakotokea. Magogo yenyewe yalikuwa ya chuma cha pua kilichochanganywa na nikeli, unene wa shubiri moja kila upande, urefu wa mtu mzima aliyelala. Yalitoka Ulaya kwa meli, kwa reli, kwa boti na kwa lori, miezi minne njiani, na hakuna aliyekuwa na haraka nayo mpaka yalipofika kwetu.

Msimamizi wa tanuru alikuwa Masele, mhunzi wa ukoo wa Warongo, watu waliokuwa wakiyeyusha chuma katika nchi ile kabla ofisi yetu haijapata muhuri. Utaratibu wake ulikuwa huu. Saa kumi na mbili asubuhi aliliingiza gogo katika tanuru lililo vuguvugu. Alipandisha moto kidogo kidogo, akiligeuza gogo kila nusu saa. Lilipokuwa jekundu alifanya jambo ambalo ofisi haikuweza kulisamehe: aliendelea. Alilipandisha mpaka likawa la rangi ya ndizi mbivu, akafunga mlango, akaliacha litulie, na hakulitoa mpaka saa nane mchana.

"Kimeiva hiki," Bwana Mkaguzi alisema siku ya ukaguzi wa kwanza, akichungulia kwenye tundu la mlango wa tanuru. "Chekundu."

"Nje, Bwana," Masele akajibu.

"Nje ndiko ninakokuona."

"Ndani bado kumelala. Chuma hiki cha kuchanganywa ni kizito kupokea moto. Ukikiharakisha, ngozi inatanuka, moyo unakataa. Kinapasuka."

"Umeingia ndani ukauona huo moyo?"

"Sijaingia, Bwana."

"Andika, Karani. Shahidi hajaingia ndani."

Niliandika. Hesabu iliyofuata ilikuwa rahisi. Tanuru likikolezwa tangu mwanzo, chuma huwa chekundu baada ya saa mbili. Masele alikuwa akitumia saa nane. Kwa hiyo saa sita zilikuwa za Masele binafsi.

Ili kuondoa ubishi kuhusu wekundu ni upi, Bwana Mkaguzi aliagiza kadi. Fundi wa kuandika vibao pale Shinyanga mjini alipaka kipande cha bati rangi nyekundu, nami nikakigonga muhuri kwa nyuma. Kadi ikatundikwa kando ya mlango wa tanuru. Chuma kikifanana na kadi, kinatoka. Wachoma chuma wakampa Bwana Mkaguzi jina la Bwana Kadi, ambalo sikuliingiza katika faili.

Mke wa Masele, Mbuke, alikuwa akichoma viazi vitamu langoni pa karakana. Bwana Mkaguzi alinunua kimoja siku ile waraka ulipobandikwa, akauliza kama kimeiva.

"Nje kimeiva, Bwana," Mbuke alisema. "Ndani usiniulize. Sijaingia."

Wachoma chuma walicheka kwa muda ambao niliukadiria kuwa dakika tatu.

Gogo la kwanza chini ya waraka liliingizwa tarehe tatu Juni, katika tanuru ambalo lilikuwa jeupe kwa moto tangu alfajiri. Nusu saa baadaye kulisikika mlio ndani, kama bunduki.

"Limekwisha hilo," Masele alisema. "Tulitoe, Bwana, tuliweke kando."

"Waraka hauna habari za mlio," Bwana Mkaguzi akajibu. "Waraka una habari za rangi."

Saa mbili zilipotimia, rangi ilikuwa sahihi kabisa. Naweza kuthibitisha hilo, maana mimi ndiye niliyeinua kadi. Gogo lilipita mara ya kwanza, likapita mara ya pili. Mara ya tatu lilipasuka katikati, na kipande chenye uzito wa mtu kikatoka upande wa pili na kumvunja mguu Mageni, mshika koleo wa upande wa kutokea. Ulivunjika mahali pawili. Ndani ya kipande hicho, pale kilipopasuka, chuma kilikuwa cheusi.

Ofisi haikukaa kimya. Siku hiyohiyo watu wawili walifunguliwa mashtaka. Masele alishtakiwa kwa kuficha ubaridi ndani ya mali ya Kampuni. Mageni alishtakiwa kwa kusimama katika njia ya chuma kinachosafiri. Masele alisimamishwa kazi na kukatazwa kukaribia tanuru. Akipatikana na hatia, angekwenda jela miezi sita. Mageni, aliyekuwa amelala na mguu ndani ya vibanzi vya mbao, angefukuzwa kazi na kutolewa katika nyumba ya kambi, yeye na watoto wanne. Mashtaka yote mawili niliyaandika mimi. Mwandiko wangu husifiwa.

Mbuke alinijia ofisini, yaani kwenye meza iliyowekwa chini ya bati.

"Karani, baba watoto akishafungwa, huo ubaridi wenyewe mtaufunga wapi?"

Nilimweleza kuwa ubaridi ni kielelezo, na vielelezo hutunzwa stoo.

"Haya. Utunzeni vizuri usije ukapata joto," akasema, akaenda zake.

Katika siku za kungojea kesi kulitokea jambo dogo la kiufundi. Kadi, kwa kuwa ilitundikwa karibu na tanuru, ilipauka. Kufikia katikati ya mwezi ilikuwa na rangi ya kutu. Nilimjulisha Bwana Mkaguzi, naye akaamua kwamba kadi iliyogongwa muhuri haiwezi kukosea. Hapo ikabainika kuwa magogo yote kumi na moja yaliyolala uani, yakiwa na kutu yao, yalifanana na kadi na kwa hiyo yalikuwa yameshapata moto. Uliwekwa uzio wa miiba na kibao kisemacho HATARI. Mbuzi wa Mama Zipora, jirani wa karakana, waliendelea kulala juu ya magogo hayo, nao wakaandikiwa onyo.

Mkuu wa Jimbo, tuliyemwita Bwana Mkubwa, alikuja kutoka Mwanza tarehe ishirini na mbili kusikiliza kesi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alikuwa na boti ya kuwahi jioni. Alisema hataki hotuba, anataka kuona. Kama chuma kilichopashwa kwa waraka, bila Masele kukigusa, kitapita vizuri, basi ubaridi ule ulifichwa na Masele. Kama hakitapita, ataamua vinginevyo.

Bwana Mkaguzi alifurahi. Gogo liliingizwa saa kumi na mbili asubuhi, na mchochea moto, Ngassa, akaamriwa kukoleza. Tanuru lilikuwa limelala siku tatu bila moto, kwa hiyo gogo na tanuru vilianza kupata joto pamoja. Saa mbili asubuhi chuma kilikuwa chekundu cha kiza, kama pilipili iliyokauka. Nikainua kadi. Vilifanana.

"Kimeiva," Bwana Mkaguzi akatangaza. "Tayari kwa kubanwa."

Mshika koleo wa upande wa kuingilia alijipanga. Upande wa kutokea hapakuwa na mtu.

"Nani anasimama pale?" Bwana Mkubwa akauliza.

Watu kumi na wanne walitazama miguu yao. Yote ilikuwa mizima, na nadhani ndiyo maana waliitazama.

"Koleo lile ni la Mageni," Ngassa alisema mwishowe.

"Hakuna hatari yoyote," Bwana Mkaguzi akasema. "Chuma ni chekundu."

"Vizuri," Bwana Mkubwa akasema. "Basi shika wewe. Nina boti."

Bwana Mkaguzi alilishika koleo. Alikwenda upande wa pili wa magurudumu, akalitazama pengo lile kati ya gurudumu la juu na la chini, lililoelekea magoti yake. Akatazama tanuru. Akaniuliza ni saa ngapi. Nikamwambia ni saa mbili na dakika tano.

"Labda tukiache kidogo," akasema.

"Kwa sababu gani?" Bwana Mkubwa akauliza. "Karani ataandika."

"Kwa tahadhari ya kawaida."

Nikaandika: nusu saa, tahadhari ya kawaida. Saa tatu kasorobo nikaandika: saa moja, hali ya upepo. Saa nne nikaandika: saa moja, kumbukumbu za jumla. Ngassa aliendelea kuligeuza gogo na kupandisha moto taratibu, kwa kuwa hakuna aliyemkataza. Saa saba sababu zilikuwa zimekwisha. Nikaandika: kama hapo juu. Bwana Mkubwa aliketi juu ya sanduku kuukuu la baruti, ambalo nilihakikishiwa kuwa tupu, akala kiazi cha Mbuke. Alikikata katikati kwanza.

Masele alikuwa ameketi nje ya mlango wa karakana, hatua kumi kutoka tanuruni, kama agizo lilivyotaka. Saa nane ilipofika Bwana Mkaguzi alimwendea, koleo likiwa bado mkononi.

"Sasa?"

"Sasa nini, Bwana?"

"Chuma. Kimefika mpaka ndani?"

"Mimi nimesimamishwa, Bwana. Siruhusiwi kujua."

Ngassa alichungulia tunduni. "Rangi ya ndizi kimeipita," akasema. "Kikikaa zaidi kitaanza kuungua, halafu hakifai kitu."

Bwana Mkubwa alitoa saa yake, akaitazama, akairudisha mfukoni. "Mrudishie kazi yake," akasema.

Bwana Mkaguzi alisema ataandika akirudi Shinyanga. Bwana Mkubwa akasema karani yupo hapa. Ndivyo nilivyoandika, nikiwa nimesimama, kwamba shtaka la kuficha ubaridi limefutwa na Masele amerudishwa tanuruni. Bwana Mkaguzi akatia sahihi juu ya mgongo wangu.

"Nisomee, Karani," Masele akasema.

Nikasoma.

"Na jina la chini."

Nikasoma jina la chini.

"Wabeja," akashukuru kwa Kisukuma, akaikunja karatasi. Hakuinuka. "Sasa ya Mageni."

"Hiyo ni kesi nyingine kabisa," Bwana Mkaguzi akasema.

"Sawa, Bwana. Mimi nauliza tu. Mageni ameshtakiwa kwa kusimama wapi?"

Bwana Mkubwa akaniamuru nisome shtaka. Nikasoma: kusimama katika njia ya chuma kinachosafiri, futi nne kutoka kwenye magurudumu, upande wa kutokea, koleo mkononi.

"Na Bwana Mkaguzi atasimama wapi?"

Ni kazi ya karani kujibu kwa usahihi. "Palepale, Bwana Mkubwa."

Hakuna aliyecheka. Ngassa akasema tena kwamba chuma kinaungua. Bwana Mkaguzi akanigeuza mgongo kwa mkono wake mwenyewe, akaandika karatasi ya pili bila kunisomea kwanza: shtaka limefutwa, mguu ulivunjika kazini, nyumba ni yake. Masele akataka isomwe mara mbili, moja kwa Bwana Mkubwa, moja kwa watu. Kisha akampa Mbuke ampelekee mgonjwa, naye Mbuke akaondoka mbio, viazi vyote akiviacha motoni.

Masele akainuka. Akaenda tunduni, akakaa hapo akitazama kwa muda wa pumzi tano au sita, akamwambia Ngassa apunguze moto kidogo, akangoja, akatazama tena.

"Kimeiva," akasema. "Ndani na nje."

Watu wa mnyororo wakajipanga. Mvuke ukafunguliwa, magurudumu yakaanza kuzunguka. Bwana Mkaguzi alikuwa amerudi upande wa kutokea. Alimnyooshea Masele lile koleo, na Masele akalitazama kama mtu anayeonyeshwa kitu cha mwenzake.

"Amri ya Bwana Mkubwa ilikuwa ushike wewe, Bwana, na hajaifuta," akasema, naye Bwana Mkubwa akatikisa kichwa kukubali. "Shika chini zaidi. Hapo. Tanua miguu. Ukisikia mlio, usikimbilie kushoto. Mageni alikimbilia kushoto."

Bwana Mkaguzi akatanua miguu.