Ombi la Kuwahisha Msiba Wangu

Mabatini, Mwanza
Juni 1996

Mzee Mashimba,
Mwenyekiti, Chama cha Kufa na Kuzikana.

Ndugu Mwenyekiti,

Shikamoo. Natumaini hujambo wewe na mama hapo nyumbani. Mimi sijambo, isipokuwa ngiri.

Daktari amesema nisipopasuliwa mwezi huu utumbo utanaswa, nami nitakufa. Zamani tulipasuliwa bure. Siku hizi tunachangia huduma, yaani mgonjwa ananunua hadi uzi wa kumshonea, na mimi tangu nipunguzwe kazi kiwandani Nyakato naishi kwa kushona viatu vya watu. Kwa hiyo naomba chama kifanye msiba wangu sasa, nikiwapo. Sababu zangu:

1. Nilipopitisha kadi ya mchango wa matibabu niliambulia pole nyingi na nusu kilo ya sukari. Lakini jirani yetu Nkwabi alipofariki, walewale waliomkwepa akiwa kitandani walikodi lori hadi Misungwi na kuchinja ng'ombe. Ngosha, aliyeniambia hana hata nauli, alileta maturubai mawili. Iliniuma sana.

2. Katiba yetu inasema mwanachama akifa asaidiwe bila kuchelewa. Mimi nitakufa tu. Naomba msichelewe.

3. Maiti hashukuru. Mimi nitakaa mlangoni, nipokee rambirambi kwa mikono miwili na kuitikia shikamoo za vijana. Aidha, kaburi halitachimbwa, na wenye migongo mibovu watapumzika.

4. Wanaopenda kulia nawaruhusu walie. Mke wangu Paskazia ameshaanza, bila kusubiri kibali.

5. Nikipona, halafu nikafa tena, sitadai mara ya pili. Mnizike hata kwa mkeka.

Naogopa kufa, Mwenyekiti. Nalisema bila aibu.

Wasalimie wajumbe wote, na Mama Dorcas mwambie kiatu chake kiko tayari.

Mwanachama wenu mwaminifu,
Maige, marehemu mtarajiwa.

Nyongeza: Barua ilikuwa bado mfukoni, Paskazia akawa ameshawaeleza wanachama. Nashukuru, wamekubali kwa kauli moja, na hadi jana jioni walikuwa wamechanga kupita gharama ya upasuaji. Ila mweka hazina, Antoni, amenieleza kwa upole kabisa kwamba fedha ya msiba haiwezi kwenda hospitali, katiba hairuhusu. Wameninunulia sanduku la mninga. Leo asubuhi niliitwa kwa fundi nikalijaribu. Linanitosha.