Baba, Njoo na Lori Umchukue Mama na Baraza Lake

Kwako Baba Mkwe,
Fundi rangi mstaafu, mwenye nyumba ambayo mlango wake bado unafunguka.

YAH: MALALAMIKO JUU YA MAMA KUGANDA BARAZANI, PAMOJA NA OMBI LA LORI

Shikamoo Baba. Kama umesimama, keti. Na kama una kiti ambacho hakijaganda kwenye kitu chochote, mshukuru Mungu kwanza ndipo uendelee kusoma.

Salamu zako kupitia kwa yule dereva wa lori la mbao zimenifika. Amenitolea mbele ya wateja wangu, kwa sauti, kama tangazo la mkutano: "Mkweo anasema umrudishie mke wake. Alikuja kumsalimia mjukuu, hakuja kuhamia. Chai anayojipikia siku hizi inafanana na maji ya kuoshea brashi." Baba, nimekuelewa na nimekuonea huruma. Lakini kumrudisha Mama siwezi, na kosa siyo langu. Mimi shule niliikimbia mapema nikakimbilia biashara ya feni za mitumba, barua sijazoea, ila mjukuu wako amenipa karatasi akaniambia malalamiko ya watu wenye akili hupangwa kwa namba. Basi nayapanga. Ukiona namba imeruka, usishangae, hapa kwangu siku hizi kila mtu anaruka.

1. Lalamiko la kwanza ni juu yako wewe mwenyewe, kwa heshima zote.

Ulimleaje huyu binti? Mimi nilitaka baraza dogo tu nyuma ya nyumba, pa kukaa jioni na familia, upepo unapita, mtu ananyoosha miguu. Nikamwita muashi jirani. Akaja na penseli yake sikioni, akatazama ardhi, akakohoa kile kikohozi cha mafundi kabla ya kutaja bei. Hata hajafungua mdomo, binti yako katokea jikoni: "Fundi, ahsante, nenda salama. Mikono tunayo." Nikamwuliza mke wangu, hayo maneno umeyatoa wapi? Akasema kwa baba. Kwamba wewe ulimfundisha tangu mdogo kwamba fundi ni mtu tu, alichojua yeye hata wewe utakijua ukishachafuka. Sasa tumechafuka, Baba. Kujua bado.

Na yule muashi hajaondoka moja kwa moja. Kila asubuhi anapita kuchungulia uani, na siku hizi analeta mafundi wenzake, wanasimama kimya mikono nyuma kama watu waliokuja kuhani. Juzi mmoja kaniuliza, "Bwana Feni, hiyo mliyomwaga ni zege au uji wa mgonjwa?" Nilimjibu kuwa ni siri ya familia. Ukweli ni kwamba binti yako alibana simenti, anasema ibaki ya jikoni. Hilo la jikoni utalikuta mbele.

2. Kipimo.

Futi ya kupimia hatukuwa nayo. Mjukuu wako, ambaye kichwa amekichukua kwa babu yake, akasema tutumie kamba, tufunge fundo kila shubiri. Kamba iliyopatikana karibu ni ule mpira wa kiunoni kwenye kaptula yangu ya kazi. Wakauchomoa. Wakafunga mafundo, vizuri kabisa, wala sina neno.

Baba, mpira unavutika.

Upande wa kushoto nilipima mimi, taratibu, mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili ulikuwa umeshika kaptula isidondoke. Upande wa kulia alipima binti yako, na asubuhi ile alikuwa amenikasirikia kwa jambo ambalo hadi leo hajaniambia. Alivuta ule mpira kama anavuta ng'ombe kutoka shimoni. Mafundo ni yaleyale, hesabu ileile, lakini upande wangu umeishia kwenye pipa la maji na upande wake umekwenda kugonga ukuta wa jirani. Ukilitazama baraza kutoka juu ya paa, nimelitazama, lina umbo la pasi. Nimeishi na binti yako miaka yote hii sijui hasira zake zina urefu gani. Sasa zimemwagiwa zege, na jirani anazikanyaga.

3. Mama.

Hapa naomba usome polepole, na kama moyo unakwenda mbio weka barua chini unywe maji. Siyo ile chai.

Unakijua kile kiti chake cha chuma, cha kijani, ulichokipaka rangi mwenyewe enzi za uchumba. Alikuja nacho juu ya basi. Hakalii kingine. Na wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu nikaona jembe litakuwa utovu wa adabu kwa mama mkwe, nikampa cheo. Nikamwambia, "Mama, wewe utatusimamia." Hilo ndilo kosa pekee ninalolikubali katika barua hii yote.

Akachukua kiti chake, akakiweka katikati kabisa ya uwanja, akakalia, akaanza kusimamia. Tukachanganya zege. Tukaanza kumwaga kutoka ukutani kuja nje. Zege likasogea, likasogea, likamfikia. Sasa niambie wewe, Baba, uliyewahi kuwa mkwe wa watu: kuna mkwe gani mwenye malezi anayeweza kumwambia mama mkwe "inuka"? Ulimi ulikataa. Nikamnong'oneza binti yako, mwambie mama asogee. Akasema, "Mwambie wewe, ndiye uliyempa usimamizi." Nikamtuma mjukuu. Akaenda, akarudi: "Bibi anasema asisumbuliwe, anahesabu ndoo."

Zege halingoji, linakauka. Basi tukamzungushia kwa heshima zote. Yeye mwenyewe alipoona linakuja alinyanyua miguu, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatuambia tusawazishe vizuri chini ya kiti, tusiache mabonde. Jioni tulimtoa kwa kumtandikia ubao, akapita juu yake kama malkia anashuka kwenye ndege. Kiti kikabaki. Asubuhi yake kikagoma kutoka.

Akasema: "Nilikuja nacho, nitaondoka nacho." Na wewe unamjua, akishasema hivyo hata ungemletea winchi angetaka kwanza kujua winchi ni ya nani. Kutindua nako hataki, anasema mtu akigusa sakafu yake na tindo ataona. Kwa hiyo, Baba, mimi sikumzuia mkeo. Amezuiwa na adabu.

4. Hili nimelifuta. Naandikia dirishani, na dirisha linatazamana na kiti. Ameniuliza namwandikia nani nikasema mteja wa feni. Amenitazama sana.

5. Mlango.

Mlango wetu wa uani unafungukia nje. Baraza limekuja juu kuliko kizingiti. Mlango haufunguki hata ukiusomea dua, na kwenye ule wa mbele ndiko tulikorundika vitu vyote vya uani tukavikosea hesabu, vimeziba. Tunapita dirishani. Mimi mfanyabiashara, mtu wa watu, ninayeitwa "bosi" sokoni na wapiga debe, natoka nyumbani kwangu nikitanguliza mguu mmoja kama kuku anayeibiwa.

Wiki iliyopita narudi na feni begani, nimeshaingiza kichwa dirishani, mara watu: "Mwizi! Mwizi wa feni!" Nimevutwa miguu, kaptula isiyo na mpira ikafanya ilichofanya. Nikapiga kelele, jamani hapa ni kwangu, muulizeni yule mama pale kitini! Wakamwuliza, "Mama, huyu unamfahamu?" Baba, mama mkwe wangu, bibi wa mtoto wangu, aliinamisha kichwa huku, akainamisha kule, akasema: "Ngojeni kwanza nimwone usoni." Wakati huo, Baba, kilichokuwa kinaonekana si uso.

6. Maji.

Mteremko tuliupima kwa chupa ya soda yenye maji nusu. Inafanya kazi, ila mjukuu wako alikuwa anaitazama akiwa amelala ubavu. Mvua ikinyesha maji yote ya uani yanakimbilia sebuleni kama wageni waliosikia kuna chakula. Viatu vinaelea. Mama yeye yuko nje kitini, mwavuli kichwani, miguu juu ya ndoo, anatupigia kelele kutufariji: "Angalau huku barazani pakavu!"

7. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kuta.

Mtu anayesimamia hawezi kusimamia asichokiona. Hayo siyo maneno yangu. Siku moja Mama alinyoosha kidole kutoka kitini: "Ule ukuta wa jikoni unaniziba. Sijui mnaunguza nini mle." Binti yako akasema kwani shida nini, mikono tunayo. Ukuta ukashuka. Kwa kweli jikoni pamepata hewa, sikatai, ila kupitia penye ukuta Mama amekataza, anasema pale si mlango. Kisha ikaonekana ukuta wa sebule nao unamziba asione televisheni, na mtu mzima hawezi kukaa nje peke yake bila taarifa ya habari. Ukashuka nusu. Matofali yake yametumika kutengeneza ngazi ya dirishani, lakini ngazi imekuja ndefu kuliko dirisha, tulipima kwa ule mpira.

Sasa umebaki ukuta mmoja tu kati ya kiti kile na chumba tunacholala mimi na binti yako. Jana jioni Mama ameutazama. Ameutazama tu, akatikisa kichwa kidogo. Leo asubuhi nimekuta nyundo imeegemezwa pale. Baba, nakuandikia kama mwanaume kwa mwanaume: nyundo ile ikianza kazi, kati yangu na macho ya mama mkwe litabaki pazia, na pazia lenyewe ni lile la maua, linaonyesha.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo bila kukosa.

Kwanza, njoo na lile lori la mbao. Tutakata baraza kumzunguka Mama, kipande kizuri cha mraba, tutakinyanyua yeye akiwa juu yake, mwavuli wake, ndoo yake ya miguu, kila kitu, halafu mtakwenda polepole. Ukifika umshushe mbele ya mlango wako. Utakuwa umepata mke na nusu ya baraza kwa mpigo mmoja. Ila angalia mlango wako unafungukia upande gani.

Pili, kama lori halipatikani, uhamie wewe huku na nyumba yako tutaichukua polepole, tofali kwa tofali, kama familia.

Tatu, mwandikie binti yako kwa mkono wako useme kwamba ulikosea, fundi siyo mtu tu, na mikono hatuna.

Nisalimie wote hapo nyumbani, majirani, yule paka, na hasa birika, liambie livumilie, mwenyewe anakuja. Mama anasema nimsalimie huyo mteja wa feni, nimwulize kama amevaa soksi. Mjukuu anakusalimu kutoka juu ya ngazi. Binti yako atakusalimu akishatua toroli.

Wako mtiifu katika ukwe,
Mkweo wa feni, apitaye dirishani.

Nyongeza: Baba, lori usilete. Njoo wewe mwenyewe, na brashi zako, na rangi ya kijani kidogo, kiti kimechubuka miguu. Barua hii nilikuwa nimeshaikunja leo asubuhi namtafuta dereva, mara nikasikia kraa! Ule uji wa mgonjwa umeachia wenyewe. Mama amesimama na kiti kimesimama naye, kimetoka chote, kimeacha mashimo manne. Akasema basi, Mungu ametenda, akaenda kukunja nguo zake, akatuaga mmoja mmoja. Mjukuu wako akapanda juu ya ngazi hataki kushuka. Binti yako akajifanya anatafuta kitu chini ya meza, akakitafuta muda mrefu sana. Mimi nilipaswa kushangilia, Baba, na nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini nilipotazama pale katikati, mahali ambapo kila jioni tumekuwa tukila wote tumemzunguka, hata mimi ambaye zamani nilikuwa nakula sokoni kwa kusimama, nikajikuta nimeshika koleo, nakoroga zege. Mama akasimama na mkoba wake akauliza, "We kijana, unafanya nini?" Nikamwambia, "Naziba mashimo tu, Mama, watu wasijikwae." Akanitazama. Akaweka mkoba chini, akarudisha miguu ya kiti kwenye mashimo yake, mmoja mmoja, akakaa, akanyanyua miguu juu ya ndoo.

"Safari hii," akasema, "ongeza simenti."

Nimeongeza.