Buick Nzima, Vernell Mzima

"Pasaka ulinikata kichwa, Cleophus!"

"Nilikuwa naokoa bampa, mke wangu, bampa lile la—"

"Mama yangu kaletewa picha ya shingo! Anazunguka nayo kanisani kule Alabama akiuliza hii shingo ni ya—"

"Bampa la kromu, Vernell!"

"—ni yangu au ya dada yangu!"

Zimeni redio, enyi mlioketi vibarazani Detroit na bilauri zenu za chai ya barafu! Sikieni vita vya Jumapili ile ya Agosti, mwaka hamsini na saba, alipotoka Cleophus Gaines, Simba wa Kiwanda cha Bolti, Mpangusaji wa Kromu, mwenye Buick, gari refu kuliko uvumilivu wa mkewe, kwenda kuteka picha. Moja tu. Mkanda wa kamera ulibakiza picha moja, maduka yamefungwa, na Vernell ameapa kwamba akikatwa tena, hasimami mbele ya kamera mpaka kiama. Na mama yake, ambaye hajamwona miaka sita, daktari amemwambia macho hayo hayafiki Krismasi.

Basi shujaa akainamia kidirisha cha kamera. Akimwingiza Vernell na kofia yake, Buick inapoteza mkia. Akiingiza mkia, kofia inakwenda na mwenyewe. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, akavuka barabara, hadi mpakani mwa himaya ya Bwana Tuggle, ambaye hata njiwa walimwomba ruhusa kabla ya kutua kwenye nyasi zake. Tuggle alikuwa amesimama hapo na mpira wa maji mkononi.

"Weka hiyo soli ya kiatu hapa uone."

"Jirani, nusu hatua tu."

"Hata mbwa wa jirani yetu mama Hattie alianza na nusu hatua, akaishia kuchimba nyasi zangu."

"Mama mkwe macho yanaenda, Bwana Tuggle. Anataka kumwona mwanawe."

"Si ukate gari!"

Mtaa mzima ukainuka vitini. Kukata gari! Cleophus akamtazama Vernell ng'ambo kule, kidevu juu, akiitabasamia kamera kana kwamba mama yake yumo ndani. Akakanyaga nyasi.

Maji yakamshukia kisogoni kama gharika. Hakutikisika. Tai ikalowa, viatu vya kanisani vikajaa, naye kajikunja juu ya kamera kama kuku juu ya mayai. Kidole kikashuka. Kacha!

Andikeni, makarani wa zama! Buick nzima, toka taa hadi mapezi ya nyuma! Vernell mzima, toka visigino hadi unyoya wa kofia! Vibaraza vikalipuka kwa makofi, na Cleophus akainua kamera juu, akidondosha maji kama mfalme aliyetoka kubatizwa.

Vernell hakupiga makofi. Alikuwa keshafungua mlango wa gari na kuketi, mkoba magotini.

"Cleophus, hili gari si linatembea? Nipeleke kwa mama, Alabama. Sasa hivi."