Nungunungu wa Bahari na Kura za Kwaya

Jumanne, 12 Agosti. Tanga.
Kwaya yetu ya Heru Juu, huko Buha, imealikwa pwani. Maji yamekupwa, miamba iko wazi. Nimewaona! Nungunungu wa bahari! Weusi tii, wamejibana mashimoni, miiba kama sindano za kushonea magunia. Na inacheza! Ukipitisha kivuli tu, yote inakugeukia. Mungu fundi. Bi Shamsia, anayewinda pweza hapa, anasema mdomo wao uko chini. Chini!
Mpango: Jumapili tunachagua mwenyekiti wa kwaya. Miaka tisa nagombea, miaka tisa naangushwa. Safari hii mpinzani ni Pasikali wa besi. Nikirudi na nungunungu hai kwenye ndoo, nani atamtazama Pasikali?

Jumatano, 13 Agosti.
Nimemfuata Bi Shamsia anivulie mmoja. Ombi kubwa, salamu kubwa. Nikachuchumaa majini kama tufanyavyo Buha mbele ya mama mtu mzima. Nikapiga makofi, nikamwamkia kwa Kiha, mwakeye mama, nikauliza ya nyumbani, ya watoto, ya shambani. Akasema, "Inuka mwanangu, inuka!" Nikajua ni ustaarabu wa pwani, hapendi makuu. Nikazidi kushuka.
Mama yangu weee!
Baadaye. Miiba kumi na saba ya nungunungu niliyemkalia, imekatikia ndani. Dawa ni utomvu wa papai bichi, apake mtu mwenye mkono mwepesi. Wanaume wote wakakumbuka wana kazi. Akabaki Pasikali. Amepaka taratibu, akiimba besi. Sikumshukuru. Lakini miiba ile, jamani! Imepenya suruali mbili. Kazi safi.

Ijumaa, 15 Agosti. Kwenye basi.
Naandika nimesimama. Nimesimama tangu Tanga. Pasikali bado ananipaka kila tukishuka, basi zima linamsifu. Ndoo sina. Bi Shamsia alinihurumia, akanipa gamba tupu: la zambarau, vitone vimepangwa kama shanga. Nalitazama, machozi yananilenga. Zuri mno.

Jumapili, 17 Agosti. Nyumbani.
Gamba limezunguka kanisa zima. Watu wameduwaa. Nikajua leo ndiyo leo. Mwalimu wetu wa kwaya, Immakulata, akalinyanyua juu. Akasema, "Zuri. Na Pasikali amemuuguza mwenzetu aliyechomwa miiba siku tatu, mahali pa kukalia, bila kununa."
Kura: Pasikali thelathini na moja. Mimi moja.
Nimelala kifudifudi, natafakari kwa unyenyekevu. Kosa langu nimeliona: niliumia mimi. Uchaguzi ujao aumie Pasikali, nimuuguze mimi.