Nyekundu, ya Njano na Pikipiki ya Sharubati

Sharubati aliitwa Sharubati kwa sababu maneno yake yalikuwa matamu na sehemu kubwa yalikuwa maji. Asubuhi hiyo alikuwa amejimwaga kwenye kiti cha shemeji yake, fundi magari, aliyekwenda kumwuguza mama yake na kumwachia gereji kwa maneno machache: "Usiguse kitu. Mwenye gari akija, mpe funguo. Basi."

Gari zenyewe zilikuwa mbili tu, lakini gari kweli! Za spoti zote, fupi kama zimekaa kitako, moja nyekundu, moja ya njano, zimeshatengenezwa na kung'arishwa. Sharubati hakumjua mwenye gari hizo. Alimkisia tu: kijana mwenye miwani ya jua na baba tajiri.

Mara akaingia bibi mmoja, mtandio kichwani, pochi kwapani. Akaiinamia ile nyekundu, akapitisha kidole kwenye boneti, kisha akakikagua kidole.

Sharubati hakuangalia kidole. Aliangalia pochi. Ilikuwa imenenepa vizuri, haina hata kunyanzi. Akaona hapa auze, achukue chake, na shemeji akirudi amkute na hadithi yake.

"Karibu, mama yangu. Umeipenda? Ni yangu hiyo. Na ile pia."

Bibi akamtazama juu mpaka chini, akachelewa kidogo kwenye ndara zake. "Zote mbili zako, mwanangu?"

"Zote, mama. Ila nina safari ya ghafla. Nikipata mtu wa heshima, fedha mkononi, leo hii namwachia kwa bei ya huruma."

"Ahaa." Bibi akavuta kigoda, akaketi. "Basi nieleze. Wewe ndiye umeishi nazo. Ipi tamu?"

Sharubati alikuwa hajawahi kumiliki chochote chenye injini isipokuwa pikipiki moja, tena ya kuwashwa kwa kusukumwa. Hilo halikumzuia. Akafunguka kama bomba lililopasuka.

"Mama, ya njano ina adabu. Haipigi kelele. Unakata nayo kona kama sindano inavyopita kwenye hariri. Lakini nyekundu! Ukikanyaga mafuta, mgongo unabaki kwenye kiti, moyo unatangulia."

"Na barabara mbovu?"

"Husikii kitu! Unapita shimoni, unadhani umepita juu ya godoro."

"Ajabu. Mimi nilisikia nyekundu hizi zikikanyaga punje ya mchele, dereva anajua ni mchele wa mwaka gani."

"Hizo za wengine, mama. Yangu nimeilea."

"Na mafuta je?"

"Hainywi. Inaramba."

Bibi akataka kuijaribu. Mlango wa dereva ukagoma. Sharubati akavuta, akatikisa, akasingizia jua. Bibi akamsogeza pembeni, akaupiga nyonga mara moja tu, ukafunguka.

"Nimebahatisha," akasema.

Sharubati akamshukuru Mungu kwa kumletea mteja mwenye nyonga ya bahati.

Gari likawaka. Bibi akagonga geji ya mafuta kwa ukucha. "Mbona imeramba mpaka sahani? Na tairi za nyuma zina upara. Mwanangu, nazitaka zote mbili, fedha ninazo hapa." Akaipapasa pochi kama mtoto mchanga. "Lakini sinunui gari lenye njaa na viatu vilivyotoboka. Zijaze mafuta, hii itie tairi mpya, nakulipa papo hapo."

Mfuko wa Sharubati ulikuwa na kitana na matumaini. Bibi akageukia uani. "Pikipiki ile ya nani?"

"Yangu. Ya... mazoezi."

"Mume wangu anatafuta ya kwendea sokoni. Niuzie sasa hivi, kwa bei ya huruma. Si ndiyo bei yenu hapa?"

Pikipiki ile ndiyo mali yake pekee duniani, na ndiyo iliyomtorosha kutoka kila mji aliopata kutapeli watu. Lakini tamaa ikamnong'oneza: pikipiki moja kuukuu, kwa gari mbili zisizo zako, unafikiri nini? Akapokea noti, akakimbia nazo dukani, akarudi na tairi mbili, madumu ya mafuta, na mifuko mitupu. Akafunga tairi mwenyewe huku jasho likimwingia masikioni, bibi akimsimamia: "Kaza vizuri, mwanangu. Gari ni lako hilo."

Mume wa bibi akafika, mzee mwembamba mwenye kofia. Akaingia kwenye ya njano kama mtu anayeingia kitandani kwake. Sharubati akaketi kando ya bibi kwenye nyekundu, wakaondoka. Kila kokoto la barabara likampanda hadi kwenye magego.

"Vipi, mwanangu?"

"Go-go-godoro, mama!"

Mbele kidogo bibi akasimama. "Shuka. Gari la spoti hununuliwa kwa sikio. Tupite hapa wote wawili, uniambie ipi inaunguruma vizuri. Si wewe ndiye mtaalamu?"

Kiti kilikuwa chini mno. Mtaalamu alitoka kwa mikono na magoti. Akasimama kando ya barabara, kiganja sikioni, uso wa kibingwa. Nyekundu ikapita: vruuum! Ya njano ikafuata: fyuuu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akangoja zirudi. Akangoja. Akabadilisha sikio.

Alipofika gereji kwa miguu, ndara moja imekatika, alimkuta shemeji amerudi, anacheka na bibi aliyeketi ndani ya nyekundu. Ya njano ilikuwa imeshalazwa nyumbani kwao.

"Shemeji!" fundi akapaza sauti. "Kumbe umeshajuana na mama mwenye gari! Ananiambia umemjazia mafuta na kumtia tairi mpya, kwa moyo wako tu. Na mimi nilikuwa nakuhofia!"

Sharubati akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hapakutoka kitu, si kitamu wala maji.

Uani, mzee alikuwa amepanda pikipiki, anapiga kiki, inakohoa tu. "Kijana," akaita, "inawakaje hii?"

Mikono ya Sharubati ikaenda yenyewe, kwa mazoea. Akainama, akasukuma, akakimbia nayo hadi getini.

Bibi akateremsha kioo. "Na hiyo, mwanangu? Ukiilinganisha na zile mbili?"

"Hii, mama," akasema akihema, "hii ilikuwa yangu kweli."

Pikipiki ikawaka, ikamwachia moshi.