Nilivyowapeleka Waestonia Ukweni

Jumatatu, 8 Septemba 2025

VC, mkuu wa chuo chetu, ameniita ofisini. Nilidhani ni habari ya feni niliyoichukua ukumbini. Siyo! Watu watatu wa chuo kikuu kimoja cha Estonia wanakuja Ijumaa. Wanataka kuona kama wanafunzi wao wanaweza kuja kusoma kwetu Homa Bay huku wakiishi na familia za hapa. Wakitia sahihi mkataba, mimi nitaacha kuwa Kaimu Mkurugenzi wa Masomo ya Kimataifa, nitakuwa Mkurugenzi kamili. Wasipotia, kazi itatangazwa gazetini.

Mkurugenzi kamili! Nimekaimu miaka minne. Hata jina langu mlangoni limeandikwa kwa karatasi.

Nimerudi ofisini nikatafuta Estonia kwenye ramani. Ipo. Tatizo nilikuwa nikiitafuta karibu na Ethiopia.

Kikao cha wafanyakazi wote wa kitengo: mimi, Beverly ambaye ni naibu wangu, na Cate katibu. Beverly akasema wageni walale hoteli ya Mbita, halafu tuwapeleke kusalimia familia mbili tatu. Hana maono, huyu Beverly. Nikasema hapana, watalala katika boma halisi, la watu halisi. Akauliza boma gani lina choo cha ndani, maji ya bomba na vitanda vya kutosha. Nikafunga kikao kwa madaha.

Ninalijua moja tu. Liko kisiwani Rusinga, linatazama ziwa, limejengwa na shemeji yangu aliyeko Qatar. Ni kwa mama mkwe wangu.

Kuna kajitatizo. Nimeishi na Millicent miaka kumi na mmoja, tuna watoto watatu, na sijapeleka ukweni hata kwato ya ng'ombe. Huwa naenda matanga tu. Nasimama nyuma, karibu na gari.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemwambia Millicent alipokuwa akisonga ugali. Nilichagua wakati mikono yake ina kazi. Nikasema Jumamosi nataka kwenda kwa mama yake na wageni. Mwiko ukasimama. Akauliza wageni gani. Nikasema wazito, watu wa heshima, wametoka mbali, mmoja ni profesa mwenye ndevu nyeupe. Akauliza kama nina hakika. Nikasema siku hii nimeingoja miaka minne. Akasema yeye ameingoja kumi na mmoja.

Kisha akaanza kulia! Akanikumbatia na mwiko mkononi. Kola yangu ina ugali mpaka sasa. Sikujua Millicent anaipenda kazi yangu kiasi hiki.

Akampigia mama yake, Mama Phelesia. Vigelegele vilivyotoka kwenye simu viliamsha mtoto. Mama naye anapenda masomo ya kimataifa! Millicent akauliza kama Mjomba Onyango aitwe. Nikasema aitwe, na majirani waitwe, wakijaa boma ndiyo vizuri. Wazungu wanapenda sana ushirikishwaji wa jamii. Millicent akasema kumbe Mungu hujibu maombi.

Alhamisi, 11 Septemba

Millicent amesema hatuwezi kwenda mikono mitupu. Kweli. Tumenunua blanketi zito na leso za mama, sukari, unga wa ngano, halafu koti, kofia na bakora ya Mjomba Onyango. Nikapeleka risiti ofisini chini ya Gharama za Kukaribisha Wageni.

Beverly ndiye hupitisha risiti. Akauliza blanketi ni la nani. Nikasema la mwenyeji. Akauliza, na koti na bakora? Nikasema ni vya mjomba wa mwenyeji, kiongozi wa jamii. Akaniangalia. Beverly amekulia kijijini Kosele, mambo ya nyumbani anayajua. Mimi nilikulia nyumba za serikali Migori mjini, baba akiwa karani, na mila nilizifahamu kupitia redio. Akatabasamu tabasamu refu, lisiloisha, kama mtu anayemtazama mwenzake akienda kukalia kiti kibovu.

Kisha akaomba, kwa adabu sana, aje kama mkalimani. Nimemkubalia. Kiongozi bora hawakandamizi walio chini yake.

Ijumaa, 12 Septemba

Wamefika! Profesa Tamm, mrefu, ndevu mpaka kifuani. Daktari Kadri. Na mama mmoja wa fedha anayeitwa Maarja. Niliwapokea uwanja wa ndege wa Kisumu kwa hotuba ya kurasa mbili. Wakasikiliza. Nikamaliza. Nikangoja makofi. Wakaendelea kusikiliza.

Hawaongei! Njia nzima Profesa alitamka neno moja, "samaki", tulipopita wanawake wanaoanika omena. Nikamuuliza kama safari ilikuwa nzuri. Akalifikiria swali hilo mpaka nikasahau nimeuliza nini, kisha akasema ndiyo. Nimeingiwa na hofu. Mtu asiyeongea utajuaje kama umemweka mfukoni?

Beverly alikaa nao viti vya nyuma. Naye akanyamaza. Wakapendana papo hapo, hata jioni nikamwachia awapeleke hotelini kwa usiku huo mmoja.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nikiwa ndani ya gari la chuo, nje ya geti la mama mkwe. Nitaeleza.

Tulivuka daraja la Mbita asubuhi. Hali ya hewa safi, mimi nimevaa suti. Kufika, naona mahema mawili, viti vya kukodi, masufuria ya kupikia jeshi. Nikawaambia Waestonia waone wenyewe jinsi jamii yetu inavyoipenda elimu. Wanawake walikuwa wamelishika geti wakiimba, hawafungui mpaka watolewe kitu kidogo. Nikatoa, nikicheka. Ndipo mtu akapaza sauti huko ndani, "Oche osebiro!"

Wakwe wamefika.

Wakwe?

Blanketi! Leso! Koti na bakora! Profesa mwenye ndevu nyeupe na watu wa heshima kutoka mbali! Nilikuwa nimeleta ayie, ile siku ya kumheshimu mama wa msichana na kukubaliana ng'ombe, na sikuwa na habari. Na ukoo wangu, wazee wangu waliokuja kunisemea, walikuwa Waestonia.

Nikageuka nitoroke. Nikamwona Millicent mlangoni, amevaa gauni la kijani ambalo sijawahi kuliona, anacheka na kulia kwa pamoja. Miguu ikakataa kwenda. Nikamnong'oneza Beverly afanye jambo, haraka. Akasema, "Tulia, boss. Bwana harusi haongei."

Na ni kweli, haongei! Mjomba Onyango akaagiza nipelekwe nyumba ndogo ya pembeni, nikae kimya, nisubiri. Mkurugenzi mtarajiwa, amefungiwa na magunia ya mahindi, na mkataba unajadiliwa bila yeye!

Bahati nzuri kulikuwa na dirisha. Sauti sikusikia, lakini vidole niliona. Mjomba Onyango alinyoosha vyote kumi, akaongeza viwili. Ng'ombe kumi na wawili! Beverly akamtafsiria Profesa. Profesa akamtazama Mjomba. Hakusema kitu. Ndevu hazikutikisika. Mjomba akangoja, akajikuna shingo, akanyoosha kumi. Kimya. Daktari Kadri akaligeukia ziwa. Mjomba akatoa kitambaa, akajifuta, akanyoosha nane. Kimya kabisa! Kina mama waliokuwa wakipita na sahani karibu na dirisha langu walikuwa wakinong'onezana kwamba ukoo huu ni mgumu, haujawahi kuonekana Rusinga. Nane ikawa saba. Saba ikawa sita.

Hapo Profesa akamwinamia Beverly akasema kitu. Beverly akamgeukia Millicent. Millicent akakaa kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa. Mjomba Onyango akaruka kumshika Profesa mkono, kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyeokolewa majini. Vigelegele!

Nilitoka mbio kumuuliza Beverly amewaambia wageni wetu nini. Akasema amewaambia ukweli, tangu jana, wakiwa kwenye gari la kwenda hotelini: kwamba huyu bwana ana mke wa miaka kumi na mmoja ambaye hajamtolea kitu, kwamba amewaleta hapa bila kujua anafanya nini, na kwamba wakitaka wanaweza kumsaidia. Profesa alikubali kuwa baba yangu kwa siku moja. Leo alikuwa na swali moja tu. Alitaka kujua kama Millicent bado ananitaka.

Nikasema bila shaka anataka, si ameitikia? Beverly akasema ameitikia, lakini amefikiri kwanza.

Wageni wanalala ndani, vitanda vizuri. Mkwe halali kwa mama mkwe, ndiyo maana niko garini. Nawasikia huko wanacheka. Waestonia wanacheka!

Jumapili, 14 Septemba

Millicent ameniletea chai ya asubuhi, akaingia akakaa kiti cha dereva. Akaniambia jambo ambalo kwa miaka yote hii hakuwahi kuliweka wazi. Mama yake hajawahi kukanyaga kwetu. Si kwa sababu ya mgongo, kama nilivyokuwa nikiambiwa. Mama haendi kula wala kulala kwa binti ambaye hajatolewa kitu. Watoto wote watatu walizaliwa, na kila mara Mama Phelesia alikaa hapa Rusinga akituma unga wa uji kwa mkono wa mtu. Sasa anaweza kuja. Millicent alisema hayo akilitazama ziwa. Alisema mama yake ameshaanza kuuliza rangi ya mapazia yetu.

Niliona aibu. Aibu ya kweli, mpaka chai ikakataa kushuka. Mwanamke huyu alinyamaza miaka kumi na mmoja na mimi nikadhani ameridhika.

Kisha akanigeukia akauliza, "Kwani Dishon, hii yote ulipanga?"

Hapo ndipo penyewe. Hapo ndipo mwanamume husema ukweli, hata kama unauma.

Nikasema tangu Januari. Akanibusu mbele ya majirani. Chai ikashuka.

Jumanne, 16 Septemba

Mkataba umetiwa sahihi! Wanafunzi wanaanza kuja mwaka ujao! VC alinitangazia hayo huku akiwa amesimama, nami nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikaanza kushukuru. Akaniambia nikae.

Profesa Tamm ameomba jambo moja. Programu iongozwe na yule aliyesema kweli wakati ambapo uongo ungekuwa rahisi zaidi. Beverly! Mkurugenzi kamili! Kibao chake kimeshapigwa misumari mlangoni, cha chuma, si karatasi. Na Mama Phelesia ameajiriwa kusimamia familia zitakazowapokea wanafunzi Rusinga. Mimi ni Afisa wa Uhusiano na Jamii. Bosi wangu wa karibu ni mama mkwe, mtu ambaye kwa mila siruhusiwi hata kumkaribia. Nimeuliza nitapokeaje maagizo. Beverly amesema kwa simu.

VC anasema Profesa alinisifu sana. Hajawahi kuona kiongozi anayejitoa mwenyewe kuwa mfano wa kufundishia. Nimemwomba VC aniandikie maneno hayo kwa barua. Amekataa.

Alhamisi, 18 Septemba

Kehancha, sokoni, kutafuta ng'ombe sita. Sacco imenikopesha. Nilikuja na silaha ya siri: kimya cha Estonia. Nilimwona kwa macho yangu Mjomba Onyango akishushwa kutoka kumi na wawili hadi sita bila neno.

Mfanyabiashara ni Mkuria anayeitwa Mirumbe. Akataja bei. Nikamtazama. Sikusema kitu. Mirumbe naye akanitazama. Nikaligeukia jua. Naye akaligeukia. Akatoa muwa, akaumenya, akaula taratibu mpaka ukaisha. Akatoa mwingine. Jua likaniunguza kipara. Wanunuzi wengine wakaja, wakaongea, wakapatana, wakaondoka na ng'ombe wanono. Mwishowe uvumilivu ukanishinda, nikafungua mdomo. Mirumbe akasema waliobaki ni wachache, kwa hiyo bei imepanda.

Nimenunua wanne. Mmoja anachechemea lakini ana uso mzuri. Mjomba Onyango amesema kwa simu kwamba wawili waliobaki atanidai mpaka kaburini, na si lake.

Jumamosi, 20 Septemba

Mama Phelesia anakuja kwetu Jumamosi, tarehe nne Oktoba. Mara ya kwanza! Nyumba imepinduliwa juu chini. Millicent ameshona mapazia mapya, amepaka kuta rangi, amewafundisha watoto wimbo wa kumpokea nyanya yao. Kila akipita ananipapasa bega. Jana nilimsikia jikoni akimwambia dada yake kwamba anataka siku hiyo iwe ya mama peke yake, wakae wawili, wale, walale, waongee mpaka wachoke.

Nimesimama sebuleni nikaitazama nyumba hii. Imependeza! Ina choo cha ndani. Ina maji. Ina familia halisi, yenye furaha, inayoimba. Nikakumbuka kwamba kuna chuo cha Korea kinachotaka kuleta watu wao kumi na wanne mwanzo wa Oktoba, na Beverly hana wazo lolote isipokuwa hoteli, kama kawaida yake. Nikiwaleta Wakorea na wakatia sahihi, nani atathubutu kuniita Afisa wa Uhusiano?

Nimewaandikia mimi mwenyewe, bila kumsumbua Beverly. Wamejibu usiku huu huu, wamefurahi mno, wanakuja tarehe nne, na wanauliza kama wanaweza kulala.

Millicent sijamwambia. Anapanga maua mezani kwa ajili ya mama yake, na sipendi kumkatiza. Nitamwambia wakishuka kwenye basi.